Kibuyu Ambacho Mapenzi Hakukipindua

Mimi pombe sijaionja, na sisemi hivyo kujisifu. Nyumba niliyozaliwa haikuwa nayo, nikaolewa kwenye nyumba isiyokuwa nayo, basi nikazeeka hivyo. Lakini ukuta wangu umepakana na wa Mapenzi hapa mtaani Shika Adabu tangu watoto wetu hawajaanza shule, na kila ninachokijua kuhusu mnazi, hiyo pombe ya kugemwa, nimekijua kwake. Watu huniuliza kwa nini mimi Salme, na buibui langu, nishughulike na habari za mlevi. Swali hilo hunikasirisha mara mbili. Kwanza haliwahusu, na pili Mapenzi hakuwa mlevi.

Alikuwa mnywaji, na wenyewe wanajua tofauti. Kwao Rabai mnazi umo kwenye kila jambo: harusi, matanga, kumpokea mgeni, kuombana msamaha. Jioni akishafunga kibanda chake cha mboga kule sokoni Likoni, na mumewe Kai akisharudi kutoka kwenye vibarua vyake, walikaa uani na chupa yao moja, wakanywa taratibu kwa mirija, wakazungumza, wakalala. Miaka imekwenda hivyo na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Mtaa huu huu nimewasikia wasiokunywa wakirushiana masufuria, kwa hivyo mimi si wa kuhukumu.

Mambo yaligeuka siku zake zilipoanza kukatika. Alikuwa ameingia miaka ya hamsini. Hedhi ilikuja, ikapotea, ikarudi kwa fujo, kisha ikakoma kabisa, na usingizi ukaondoka pamoja nayo. Alilala akaamka shuka zimelowa, moyo unamwenda mbio, uso unamwaka. Asubuhi yuko kibandani anawafokea wateja kwa fungu la mchicha. Mwanamke aliyekuwa akiwachekesha wauza samaki wote wa pale, sasa wakimwona anakuja waliinamia samaki wao.

Akajitafutia dawa. Aliona kwamba akinywa zaidi kidogo usingizi huja upesi, basi chupa moja ya watu wawili ikawa chupa mbili, na ile ya pili ilikuwa yake peke yake. Usingizi ulikuja upesi kweli, lakini ulikatika mapema, na joto likaja kwa nguvu kuliko jana yake. Naye kesho akaongeza. Alikuwa akiuchochea moto ule ule aliotaka kuuzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Mimi na ujuzi wangu wote nilimwambia apunguze pilipili.

Siku moja akaanguka kibandani kwa kizunguzungu. Nilimpeleka mimi zahanati, akapokelewa na nesi mmoja kijana, Zuleikha, msichana asiye na haraka. Alimpima presha, akamuuliza habari za siku zake, kisha akamuuliza kama anakunywa pombe. Mapenzi akanitazama mimi, kana kwamba nitamjibia.

"Nakunywa mnazi. Kidogo," akasema.

"Kidogo kiasi gani, mama?"

Akasema kweli. Nilimwona akiona haya, na mimi nikaona haya kwa ajili yake, nikageuka nikasoma mabango ya chanjo ukutani.

Zuleikha hakumkemea. "Mama, huu si ugonjwa. Umekoma hedhi, na mwili unajizoesha. Lakini pombe inafungua mishipa, ndiyo inayolizidisha hilo joto. Inakulaza, halafu inakuamsha katikati. Na umri huu mifupa nayo inaanza kudhoofika, ukianguka hivi utavunjika. Sikukatazi, wewe ni mtu mzima. Punguza tu, uone."

Tulipofika mlangoni kwake Mapenzi akasema kwamba mamake mzazi alikuwa akitoka nje usiku kujimwagia maji kisimani, na wao watoto walikuwa wakimcheka.

Akapunguza. Nasema hivyo kwa neno moja, lakini haikuwa kazi ya neno moja. Walikubaliana na Kai kwamba mnazi uwe wa Jumamosi, pamoja na chakula, na kikombe kimoja. Mchana haukuwa na taabu. Taabu ilikuwa ile saa ya jioni ambapo mkono umezoea kushika kitu. Basi ikifika saa hiyo alikuja barazani kwangu, nami nikampa sinia na unga wangu wa mahamri akande. Aliukanda kwa hasira kiasi kwamba mahamri yangu yalianza kupata sifa mtaani, na sikumwambia mtu kwa nini. Kai naye, maskini, alihamia mangweni, kule wanakouzia mnazi, ili asinywe mbele ya mkewe. Baadaye alirudi akasema mangweni hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Mara mbili aliteleza. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye matanga ya binamu yake kule Rabai. Alipewa kibuyu, akaona kimoja si kitu, akakimaliza. Ile chupa ya pili ikarudi nyumbani, ikakaa majuma kadhaa. Pasaka ikawa vile vile. Baada ya hapo alikuja barazani macho yamevimba, akaketi mbele ya sinia bila kugusa unga.

"Da Salme, mimi kimoja sina," akasema. "Nina kuonja, au nina chupa nzima. Hapo katikati hapanishiki."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuonja. Mdomo mmoja, akashukuru, akaweka chini. Joto halikuisha lakini lilimpungukia, akaanza kulala mpaka alfajiri. Nikamsikia tena anacheka upande wa pili wa ukuta, na nitasema wazi kwamba nilifurahi kana kwamba ni mimi niliyepona.

Ndipo Velma akaposwa.

Velma ni binti wa marehemu kakake Mapenzi. Babake alikufa yeye akiwa mchanga, mamake akaolewa kwengine, na Mapenzi akamchukua akamlea. Hakuwa na mtoto mwengine wa kike. Mchumba alikuwa Matthew, kijana mpole wa Port Reitz anayefanya kazi uwanja wa ndege kupakia mizigo, na watu wake ni Warabai vile vile. Velma alimpenda kweli, na Mapenzi naye alimpenda yule kijana kwa sababu alipokuja mara ya kwanza aliinama akaosha vikombe.

Sasa kuna desturi ya ukoo wao. Mahari hayazungumzwi mpaka mnazi unywewe. Binti huletwa mbele ya wazee, huonja kwenye kibuyu mbele ya watu wote kuonyesha kwamba ameridhika, kisha humpa shangazi yake. Shangazi hunywa mpaka mwisho, akakipindua kibuyu juu ya mkeka. Kibuyu kikipinduliwa bila kudondosha kitu, mazungumzo yanaanza. Shangazi akikiacha na mnazi ndani, maana yake ameona kasoro kwa mchumba au kwao, na anaikataa posa bila kumtukana mtu. Ni desturi ya heshima. Lakini haina nafasi ya mtu aliyeacha kumaliza vibuyu.

Shangazi wa Velma alikuwa mmoja tu.

Nilimwambia tutie maji ya dafu, nani atajua. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nisirudie tena. "Mnazi wa posa haudanganyiwi, Da Salme. Huo ndio unaombebea mtoto ndoa yake."

"Basi unywe hicho kimoja, kwa ajili yake."

"Na kesho yake? Na kesho kutwa?"

Nikamwambia ampigie simu kakake mkubwa, mzee Nguma, ambaye ndiye angesimamia mazungumzo, amweleze mapema. Hapo ndipo alipokosea, na simlaumu. Mwanamke wa kwao hamwambii kakake habari za hedhi, iwe imekuja au imekwenda. Alisema atazungumza naye akifika. Mzee Nguma akafika asubuhi ya siku ya posa na watu watano nyuma yake, na nafasi ya kuzungumza haikupatikana.

Watu wa Port Reitz walikuja na gari mbili. Siku hizi hawana haja ya feri, barabara ya Dongo Kundu inawaleta moja kwa moja. Mimi nilikuwa jikoni uani kwao na pilau langu, mlango wazi, kwa hivyo niliona yote. Wazee walikaa viti, wanawake mikekani. Mamake Matthew, Bi Pascalia, alikaa mbele kabisa, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kanisa lake kichwani, uso umekaza.

Velma akaonja. Akapiga magoti, akampa shangazi yake kibuyu kwa mikono miwili.

Mapenzi akakipokea, akanywa mdomo mmoja. Papo hapo lile joto likamjia. Nililijua kabla yeye hajalijua. Shingo ilianza kuwa nyekundu chini ya weusi wake, jasho likatoka kwenye paji la uso likashuka mpaka kidevuni likadondokea leso yake mpya. Watu wote wakimtazama. Akakiweka kibuyu mkekani, wima, kimejaa.

Msemaji wa upande wa pili, mzee mmoja mwembamba, akakohoa. "Shangazi ameona nini?"

"Sikuona kitu, baba. Kijana nimemkubali."

"Basi maliza," akasema mzee Nguma.

"Siwezi, kaka."

"Mapenzi, maliza kibuyu."

Nilimwona akimtazama Velma. Kama angekinywa pale, nisingemlaumu hata kidogo, wallahi. Badala yake akafuta uso kwa leso, akasema kwa sauti ambayo hata mimi jikoni niliisikia vizuri:

"Hedhi yangu imekoma. Tangu ikome mwili unaniwaka kama mnavyoona. Joto linaanzia kifuani linapanda usoni, na usiku nalowa shuka. Mnazi unalizidisha. Nilikuwa nanywa ili nilale, ikafika mahali mnazi ukawa unaninywa mimi. Nimepunguza kwa shida kubwa. Nikimaliza hiki, narudi kule. Kijana nampenda na watu wake nawapenda. Ni mwili wangu tu."

Wazee wakatazama viatu vyao. Kijana mmoja akajifanya anapokea simu. Mzee Nguma alikuwa amefura. "Maneno ya chumbani unayaleta mbele za wakwe," akasema. "Umetuvua nguo."

Yule mzee mwembamba akasema kwa adabu kwamba wao walichokiona ni kibuyu kilichojaa, na kwamba wataenda kuulizana nyumbani. Wakaondoka bila kula. Pilau langu lote likabaki.

Velma hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alikusanya mikeka, akasema bila kumtazama, "Ni kibuyu kimoja tu, shangazi," akaingia ndani akafunga mlango. Mapenzi alibaki amekaa uani, na mtungi wa mnazi wa wageni umejaa karibu na mguu wake. Nilikaa naye. Kai akaja, akautazama mtungi, akamtazama mkewe, akaubeba mikononi akaenda kuumwaga kwenye migomba ya jirani. Mapenzi akalia hapo. Akaniambia kwamba amemkosesha mtoto wa watu ndoa, na kwamba bora angekuwa mlevi mwenye mkwe.

Port Reitz hawakupiga simu. Matthew alimwandikia Velma kwamba wazee wake wanakataa hata kuligusia jambo lile. Velma akawa anakula, anaenda kazini kwake saluni, anarudi, na kwa shangazi yake hana neno ila kuitikia salamu. Nyumba ilikuwa kama ina maiti ndani. Kila jioni Mapenzi alikuja kukanda unga, na kila jioni nilijiuliza kama kesho atakuja.

Siku moja asubuhi tuktuk ilisimama mlangoni, akashuka Bi Pascalia peke yake. Tulikuwa barazani kwangu tunakunywa chai. Tukaamkiana, tukaulizana hali, nikamtilia chai na mahamri. Hakuyagusa.

"Wazee hawajui kama nimekuja," akamwambia Mapenzi. "Lile jasho. Ulisema linaanzia kifuani?"

"Hapa. Halafu linapanda."

"Na moyo unakwenda mbio, kama umetishwa?"

"Ndiyo, dada."

"Na usiku unalowa shuka."

Mapenzi akaitikia kwa kichwa. Bi Pascalia akasema kwamba yeye ni mwaka wa pili sasa, na kwamba hajawahi kuonja pombe maishani mwake, ni mtu wa kanisa, kwa hivyo hakuwa na kitu cha kukishuku. Hakumwambia mtu. Alikwenda kwa siri kwa mganga mmoja kule bara. Mganga akamwambia yuko mtu mzee pale nyumbani anayemwashia moto chini ya kitanda.

"Kwangu mtu mzee ni mmoja," akasema. "Ni mama mkwe wangu. Nikaita watu wa nyumbani, nikamtaja."

Sisi wa Pwani tunajua mzee akishatajwa kuwa mchawi huishia wapi.

"Yuko hai?" nikauliza, bila adabu yoyote.

"Yuko hai. Anakaa chumba cha nyuma. Anapelekewa sahani yake mlangoni. Watoto nimewakataza kupokea kitu mkononi mwake. Hata Matthew hamwamkii." Akaanza kulia bila sauti. "Aliniuliza mara moja tu, 'Mwanangu, nimekosa nini?' Sikumjibu. Siku ile ulipokuwa unasema, nilikuwa nalowa chini ya nguo zangu vile vile, na nilikuwa nimekaa hapo kwenye mkeka najua mimi ni mtu wa namna gani."

Nilitaka kumwagia chai. Nasema kweli. Mapenzi ndiye aliyeinuka akamshika mabega, maana yeye ana moyo na mimi nina ulimi.

"Kwanza twende kwa nesi," akamwambia.

"Na yule mama? Nitamwambia nini? Nimpelekee leso, nimwambie yaishe?"

"Ulimtaja mbele za watu, dada. Mwambie mbele za watu."

"Nitaaibika."

"Utaaibika," Mapenzi akasema. "Mimi nimeaibika. Bado nakula."

Sijui Bi Pascalia aliwaambia nini wazee wake, lakini watu wa Port Reitz walirudi baada ya hapo. Kibuyu kilionjwa kikawekwa wima, msemaji wao akasema tumeona na tumeridhika, mzee Nguma akameza hasira zake, mahari yakazungumzwa mpaka alasiri. Velma alikuja jikoni akamkumbatia shangazi yake kwa nyuma, shangazi akiwa bado ameshika mwiko. Hayo yaliisha vizuri.

Lakini kabla kibuyu hakijaletwa, Bi Pascalia aliomba kusema. Safari hii walikuja na kikongwe mmoja mdogo sana, wanayemwita Hawe, ndivyo wanavyomwita bibi kwao. Alishushwa garini akaenda mwenyewe kukaa pembeni kabisa, nje ya mkeka, karibu na mlango wa choo, na hakuna aliyemwambia asogee. Bi Pascalia alisimama akayasema yote. Alisema joto, alisema shuka, alisema mganga, alisema alichoambiwa na nesi. Alimtaja mkwewe kwa jina lake lote, akasema, mama huyu hakuniwashia moto, moto ni wa mwili wangu, na mimi ndiye niliyemdhulumu. Mumewe aliziba uso. Matthew alitazama chini.

Watu wote wakageuka kumtazama Hawe. Alikuwa amesikiliza huku ameweka mkono sikioni, kichwa ameinamisha, na ilichukua muda kabla ya kuelewa kwamba wanamngoja yeye. Alidhani labda ameulizwa kitu. Akawatazama mmoja mmoja, akamtazama mkaza mwanawe, akasema polepole:

"Kwa hivyo leo naruhusiwa kula na watoto?"